Ramani ya Chai ya Rangi

Ramani ile niliichora mimi
kwenye karatasi ya katikati ya daftari la hesabu,
nikailaza usiku kucha katika chai ya rangi,
nikaiunguza pembe kwa njiti ya kiberiti.
Kulipokucha ilikuwa na umri wa miaka mia.

Hoza, mwongozaji wetu, akainusa.
"Inanuka tangawizi," akasema.
"Si kitu. Kamera hainusi."

Kamera yenyewe ilikuwa ya harusi.
Tuliikodi Muheza siku tano pamoja na mwenyewe,
maana hakutuamini,
na kila mtu alipoanza kulia au kufa
mkono wake ulihama kumtafuta shangazi wa bibi harusi.
Ndiyo maana filamuni kuna mvule mmoja
unaotazamwa kwa heshima, muda mrefu, bila sababu.

Ukungu wa Magoroto hatukuulipia.
Vingine vyote tulinunua au tulighushi:
nyoka ni tyubu ya baiskeli,
radi ni bati, Kilua analitikisa nyuma ya kichaka,
daraja la kuning'inia ni kamba yangu ya kuanikia nguo,
na mzimu wa Mjerumani ni Singano, kapakwa unga wa muhogo;
jasho likimtoka, mzimu unakuwa uji.
Chui hatukumpata. Tuliazima paka wa mama lishe,
tukampiga picha kwa karibu mno,
naye akapiga mwayo.

Hazina: kasha moja, vizibo mia tatu vya soda,
vimepuliziwa rangi ya dhahabu iliyombakia
fundi majeneza wa Ngamiani.

Siku ya tatu tulichimba shimo la magotini.
Kamera ikilala chini, magoti yanatosha.

Siku ya nne tulikuta shimo limefika kifuani
na ndani yake mna mtu,
suruali kaikunja, jembe lake jipya
bado lina karatasi ya bei.
Mntambo. Hakukimbia. Aliuliza tu,
"Upande wa mtoni mmeshapima?"

Hoza akamweleza: baba, hii ni sinema, tunaigiza.
Mntambo akamtazama kama unavyomtazama
mtu mwenye kinyesi cha ng'ombe kwenye viatu
anayekuapia kwamba hafugi.
"Mmetoka Tanga mjini na ramani,
mna mashine ya kuchungulia,
kijana wa watu mmempaka unga wa matambiko,
halafu mnaigiza."

Tulicheka. Singano alicheka hadi uso ukapasuka nyufa.

Babu yake, alisema, alimbebea Mjerumani masanduku saba,
akarudi mikono mitupu, akafa hajasema.
Ukoo mzima umerithi kule kutosema.

Tuliionyesha Muheza, banda la video, kiingilio mia tano.
Paka alipopiga mwayo, wanawake wawili walitoka nje.
Mntambo alikaa benchi la mbele,
na ramani ilipojaza kioo
alitoa kalamu.

Wiki iliyopita kanitafuta hadi nyumbani.
Amefika mita nne, asema. Akafungua kitambaa:
kizibo kimoja, dhahabu imebanduka nusu,
chini yake wekundu wa soda.
Alikitazama kwa upole, kama jino la mtoto.

Nikasema leo nitamwambia yote.
Nikamwambia: ule mto ni mtaro wa nyuma ya shule yetu, Kicheba.
Kile kilima ni kichuguu.
Na ule msalaba niliuweka
pale majani ya chai yaliponatia, basi,
ili doa lipate kazi.

Alinisikiliza hadi nikamaliza,
bila kunikatiza hata mara moja.

"Na hayo majani," akauliza,
"nani aliyeyaelekeza pale?"

Kumbe alichokuja kuazima ni kamba.
Nikaanua nguo, nikamfungulia ile ile,
iliyokuwa daraja.